Mwaka Mmoja, Rafu Kumi na Mbili: Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Changamoto Yangu ya Kusoma

Mimi si mwalimu wa fasihi wala mhakiki. Ni msomaji wa jioni na wa kwenye daladala, mtu wa kawaida kabisa, ila kila mwaka hujiwekea changamoto ya kusoma vitabu vya aina tofauti tofauti. Watu wakisikia huuliza yale yale, kwa hiyo nimeona niyajibu yote mahali pamoja.

Changamoto yenyewe ni ipi?

Vitabu kumi na viwili kwa mwaka, kimoja kila mwezi, kila kimoja cha aina yake, na kila aina mimi naiita rafu. Mwezi wa upelelezi ukipita umepita. Huruhusiwi kurudi huko mpaka mzunguko uishe, hata kama mkono unawasha. Mwandishi mmoja haruhusiwi kutokea mara mbili. Angalau vitatu viwe vya waandishi wanawake, na angalau kimoja kiwe kimeandikwa kabla bibi yako hajazaliwa. Unene hauhesabiwi: tamthilia ya kurasa hamsini ni kitabu, na riwaya ya kurasa mia nne ni kitabu vilevile. Hakuna zawadi, hakuna msimamizi.

Kwa nini ujitese? Si usome tu unachopenda?

Ukisoma unachopenda tu, mwisho unasoma kitabu kile kile chenye jalada tofauti. Wengi wetu tulimaliza shule tukiwa na rafu mbili kichwani: vitabu vya mtihani, na riwaya zile za kupitishiana chini ya dawati. Za mtihani tukaachana nazo siku matokeo yalipotoka. Za chini ya dawati ndizo tunazozisoma mpaka leo, au tumeacha kusoma kabisa. Ukimwuliza mtu kama anapenda tamthilia atakujibu hapendi, kumbe hajawahi kusoma hata moja bila kufikiria maswali ya insha.

Rafu zenyewe ni zipi?

Upelelezi. Tamthilia. Utenzi, au shairi lolote la kimapokeo. Ushairi huru. Hadithi fupi. Maisha ya mtu, iwe tawasifu aliyoisimulia mwenyewe au wasifu ulioandikwa na mwingine. Safari. Riwaya iliyojengwa juu ya tukio la historia. Mapenzi. Tafsiri. Kitabu cha watoto. Na ya mwisho naiita rafu ya ajabu, yaani hadithi yoyote ambayo haitokei katika dunia hii tunayoijua.

Mpangilio ni hiari yako. Ushauri wangu mmoja tu: usianze Januari na utenzi kwa sababu ya hamasa ya mwaka mpya. Hamasa hiyo haifiki hata Februari.

Mbona orodha yako haifanani na zile za mtandaoni?

Kwa sababu zile zilitungwa kwa ajili ya duka la mtu mwingine. Zinakuagiza usome riwaya ya wachunga ng'ombe wa Marekani, riwaya ya mazimwi yanayopendana, kitabu chenye jalada la buluu. Sizidharau, nimejifurahisha nazo. Lakini tafuta utenzi humo, hupati. Tamthilia imewekwa pembeni kama kitu cha wanafunzi, wakati kwa Kiswahili ni moja ya rafu tajiri kuliko zote. Ukifuata orodha ya namna hiyo utahitimisha kwamba Kiswahili hakina vitabu, kumbe umekwenda kwa muuza samaki kuulizia viazi.

Sijashika kitabu tangu nimalize shule. Nianze wapi?

Upelelezi, bila kusita. Hapa kuna wapelelezi watatu wa hadithini na kila mmoja ana tabia yake.

Wa kwanza ni Bwana Msa, wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la kuandika hadithi la miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960, na baada yake zikafuata nyingine kama Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu. Bwana Msa hakimbizani na mtu. Anavuta kiko chake, anauliza swali ambalo kila mtu analiona la kipuuzi, na Najum rafiki yake anahangaika kuelewa pamoja na wewe. Kiswahili chake ni cha barazani, cha watu wenye nafasi ya kuzungumza, na nusu ya raha iko hapo.

Wa pili ni Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974. Huyu ni mpelelezi wa serikali, bastola kiunoni, na kazi zake zimefungamana na harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Hapa hakuna muda wa kiko. Wa tatu ni Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambaye yuko katikati ya hao wawili na ana ucheshi zaidi.

Kama umechoka na kazi, mchukue Gamba. Kama unapenda maneno, mchukue Bwana Msa. Mimi ni wa Bwana Msa, na nimeshagombana na watu juu ya hili.

Tamthilia si ya kuigizwa? Nitaisomaje peke yangu?

Soma taratibu yale maelezo ya jukwaa ambayo wengi huyaruka. Jua nani yuko ndani, nani ametoka, taa iko wapi. Ukiweza, tafuta mtu mgawane wahusika, msome kwa sauti sebuleni. Mtacheka mara mbili tatu za mwanzo, halafu mtanogewa.

Anza na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, lakini usitegemee somo la historia. Kinachonishika kila ninapoirudia ni huyu Kinjeketile mwenyewe: analeta neno la kuwaunganisha watu, kisha anaanza kulitilia shaka, ila neno limeshamtoka na watu wameshalishika. Hawezi kulirudisha. Ni tamthilia ya kumaliza kwa jioni moja.

Ukimaliza hiyo nenda kwa Penina Muhando, Hatia (1972). Mashetani ya Hussein iache kwanza. Ni nzuri sana, ila inataka msomaji aliyekwisha kuzoea.

Ushairi nauogopa. Naweza kuuruka?

Huwezi, ndiyo maana ya changamoto. Lakini najua woga unatoka wapi. Shuleni tulifundishwa kuhesabu mizani kabla ya kusikia shairi, sawa na mtu anayepewa risiti kabla ya chakula.

Jaribu hivi. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa visiwa vya Lamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, na alimtungia bintiye akiwa mgonjwa. Ubeti wa kwanza huu:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Usome kwa sauti mara tatu kabla ya kutafuta maana. Umesikia? Mistari mitatu inagonga pale pale, ti, ti, ti, halafu wa nne unateremka kwenye a, na hiyo a utaikuta mwisho wa kila ubeti mpaka utenzi uishe. Kila mstari una mizani nane. Gonga meza kwa kidole utaipata bila kuandika chochote. Sasa maana: njoo karibu binti yangu, wewe ambaye miaka yako bado michache, usikilize wosia, huenda ukauzingatia. Mama mgonjwa anamwita mtoto asogee. Hakuna cha kutisha hapo.

Lahaja itakusumbua mwanzoni, kwa hiyo tafuta toleo lenye maelezo pembeni, na usione haya kusoma beti kumi tu kwa siku. Kuna beti zitakazokukera, hasa zile za namna mke anavyopaswa kumtii mumewe. Zisome hivyo hivyo na ugombane na mama yule. Dada mmoja rafiki yangu aliandika majibu yake pembezoni mwa kitabu kwa penseli, na nakala yake ni tamu kuliko yangu.

Kama lahaja ya zamani imekushinda kabisa, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla inatosha kujaza rafu hii. Ni mashairi aliyoyatunga akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, baada ya kuandika waraka wa kuihoji serikali. Kitabu kilitoka mwaka 1973, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, katika nchi ile ile iliyomfunga. Vina na mizani vyote vimo, na hasira imo.

Na huo ushairi huru, kweli ni ushairi?

Miaka ya sabini watu waliandikiana maneno makali juu ya swali hili, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Wenye kushikilia mapokeo walisema pasipo vina na mizani hakuna shairi. Mimi nasema soma pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja halafu uamue. Ndiyo sababu nimezipa rafu mbili. Kwa sauti ya karibuni zaidi, mtafute Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, Mzanzibari anayeandika akiwa ugenini. Kitabu hicho kilishinda upande wa ushairi katika tuzo ya maandishi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya mwaka 2015.

Nina haraka. Nichague vitabu vyembamba tu?

Ruksa, lakini jihadhari: chembamba si sawa na chepesi. Nagona ya Kezilahabi inaingia kwenye mfuko wa koti, na inaweza kukukalisha mwezi mzima ukijiuliza nani anaongea na nani. Mzingile vilevile. Ukitaka kumjua Kezilahabi pasipo kuumwa kichwa, anza na Rosa Mistika (1971), ambayo kuna wakati ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania kwa kuonekana inasema mambo ya wasichana na wanaume waziwazi mno. Baadaye ikawa kitabu cha kiada. Hapo utajua jinsi watu wazima wanavyobadilika.

Rafu ya safari ina nini kwa Kiswahili?

Hii ndiyo inayowashangaza watu kuliko zote. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyo uitwao Safari za Wasuaheli, na humo kuna Salim bin Abakari akisimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia. Siberia, jamani! Mtu wa upande wetu, karne ya 19, anatueleza sisi baridi ya huko. Tumezoea kusoma Wazungu wakisimulia walivyotushangaa. Hapa sisi ndio tunaoshangaa. Kiswahili chake ni cha zamani na tahajia ni ya wakati wake, lakini ni lugha ya mtu anayesimulia, kwa hiyo inasomeka.

Kwa wanaotaka cha karibuni, Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi ni simulizi ya ujana wake na misukosuko ya kuondoka Zanzibar akitafuta elimu. Hiki unaweza kukiweka rafu ya safari au ya tawasifu, ila si zote mbili. Nimeshaulizwa.

Maisha ya watu: tawasifu au wasifu?

Chochote kati ya hivyo. Mimi namwelekeza kila mtu kwenye Wasifu wa Siti Binti Saad, wa Shaaban Robert. Siti alizaliwa katika familia ya watu wa chini Fumba, Unguja, akawa mwimbaji wa taarabu ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay na kurekodi sahani za santuri. Kisome huku ukisikiliza nyimbo zake, zinapatikana mtandaoni. Shaaban Robert anamsifu mno, karibu amfanye malaika, na sifa zile zinakueleza mengi kuhusu mwandishi mwenyewe.

Kinyume chake kabisa ni Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa maneno yake mwenyewe. Huyo hajisafishi wala hajutii. Anataja pembe, bunduki na watu kwa sauti moja, kama mfanyabiashara anayesoma daftari lake. Ni kitabu kigumu kukipenda na kigumu kukiacha.

Riwaya za mapenzi zinahesabika? Na hadithi za kwenye simu?

Zinahesabika zote. Sioni sababu ya kuidharau rafu ambayo ndiyo inayofanya watu wengi wakeshe. Hadithi za sehemu kwa sehemu zinazosambazwa kwenye makundi ya simu ni mtoto wa zile zilizokuwa zikitoka magazetini kila wiki. Sharti langu ni moja: iwe imekwisha. Usihesabu hadithi iliyokatikia sehemu ya 47 kwa sababu mwandishi ameanza kudai pesa ya vocha.

Ukitaka mapenzi yenye uzito, Vuta N'kuvute ya Adam Shafi inatosha. Kuna Yasmin, kuna Zanzibar ya miaka ya hamsini, kuna siasa zinazoingia mpaka chumbani. Amil Shivji aliifanyia filamu, ilitoka mwaka 2021. Kusoma kwanza, kutazama baadaye, tafadhali. Na kwa kuwa nimesema mwandishi mmoja mara moja tu, ukiitumia hapa basi Kuli, yake huyo huyo, kuhusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa 1948, itabidi isubiri mwaka ujao. Inauma, najua.

Tafsiri si ni udanganyifu?

Hata kidogo. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa nchi na bado alipata muda wa kumtafsiri Shakespeare: Juliasi Kaizari, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Fortunatus Kawegere alitupa Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell, mwaka 1967, na ukilisoma unaweza kuapa kwamba wale nguruwe ni wa mtaani kwenu.

Chaguo langu kwa sasa ni Peponi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Wahusika wa kitabu kile ni watu wa pwani na wa bara, na sasa wanazungumza lugha ambayo muda wote ulijua wanaizungumza.

Hadithi za kisayansi ziko wapi? Rafu ya ajabu inanipa shida.

Ndiyo rafu yenye vumbi zaidi, nakubali. Vyombo vya angani na roboti si vingi. Ila ajabu ipo. Walenisi ya Katama Mkangi inampeleka Dzombo katika nchi ambayo mambo yake hayaendi kama ya kwetu. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila ni safari ya kutembea dunia nzima kama ndotoni. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed ina babu aliyetoka kaburini kuja kumhoji mjukuu wake mheshimiwa. Na tusijifanye hatuna mazoea: Shaaban Robert aliandika Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea hewani, ili aseme ya nchi iliyo ardhini.

Vitabu nilivyosoma shuleni vinakubalika?

Kimoja tu kwa mwaka. Wakenya huniuliza sana hili, wengi wakitaka kurudia Siku Njema ya Ken Walibora, au hadithi za Tumbo Lisiloshiba. Rudieni. Hakuna atakayewauliza dhamira wala maudhui.

Waandishi wanawake watatu nitawapata wapi?

Penina Muhando nimeshamtaja. Ongeza Zainab Burhani, Mali ya Maskini. Ndyanao Balisidya, Shida. Zainab Alwi Baharoon, Mungu Hakopeshwi. Assumpta Matei, Chozi la Heri. Hao tayari ni wengi kuliko unaohitaji.

Vitabu napata wapi bila kufilisika?

Dar es Salaam, anza Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967. Watu wanaipita kila siku wakidhani ni ya wanafunzi. Vitabu vipya vya Kiswahili, wachapishaji Mkuki na Nyota wana vingi, na kwa riwaya za zamani hakuna kama wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaovipanga chini kandokando ya barabara. Nenda asubuhi, chuchumaa, geuza kimoja kimoja, usioneshe furaha unapokiona unachokitaka maana bei itapanda hapo hapo. Kagua kurasa za mwisho kabla ya kulipa. Riwaya za upelelezi hasa zina tabia ya kukosa kurasa tano za mwisho, na hakuna adhabu mbaya kuliko hiyo.

Nairobi kuna wauzaji wa namna hiyo hiyo katikati ya mji, na maktaba ya McMillan. Mliopo Muscat, London au Toronto, vitabu vya Mkuki na Nyota huuzwa nje kupitia African Books Collective, vingine kwa nakala za kielektroniki. Vinginevyo, kila anayekuja kutoka nyumbani abebe kitabu kimoja kati ya zile kilo za dagaa.

Nikishindwa kumaliza?

Fika ukurasa wa hamsini, au robo kama ni chembamba. Kikikushinda, kiweke, chukua kingine cha rafu hiyo hiyo. Rafu huwezi kuibadilisha, kitabu unaweza.

Kusikiliza kunahesabika?

Kwa utenzi na kitabu cha watoto, ndiyo, tena ni bora. Kwa vingine, kama kimesomwa chote bila kufupishwa. Igizo la redioni halihesabiki hata likiwa tamu kiasi gani.

Unaandika uhakiki kila ukimaliza?

Naandika jina, tarehe, na sentensi moja ambayo ningemwambia mtu aliyekaa nami kwenye daladala. Ya Mzimu wa Watu wa Kale ni "usimwamini anayezungumza kwa upole." Inatosha.

Lazima nianze Januari?

Hapana. Anza mwezi wowote, mwaka wako ni miezi kumi na miwili kuanzia hapo. Wengine hupumzika Ramadhani, wengine ndipo wanaposoma zaidi.

Naweza kuazima vitabu vyako?

Vya upelelezi, ndiyo, ukija na chako tubadilishane. Vya ushairi, njoo uvisomee hapa barazani, chai ipo. Kinjeketile ilishaazimwa na mtu ambaye sasa hapokei simu, kwa hiyo hiyo usiulize.